Hodi, Marekani

Adabu ya kwetu Kamenge, mtaa wa Bujumbura, ni hodi tatu. Ya tatu ikikosa jibu, unarudi kwenu bila kinyongo. Mimi nilibisha hodi kwenye vyuo vikuu vya Marekani, na adabu hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilisikia kwamba Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humchagua mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wake, kisha humsaidia kulipa. Nikasema, mfuko wangu hauna cha kuangaliwa, basi tumefaana. Sikujua kwamba umaskini nao huombewa cheti.

Fomu ya msaada ikauliza mapato ya mama kwa mwaka. Mama anauza ndagala sokoni.

"Mwaka?" akashangaa. "Niulize ya jana, tena kabla sijalipa deni."

Ikauliza chombo cha usafiri na mwaka kilipotengenezwa. Baba akaitazama baiskeli yake kwa heshima. "Andika kwamba niliikuta duniani." Ikauliza akiba ya uzeeni. Wote wawili wakanigeukia, kimya. Kisanduku kilipokea tarakimu tu, la sivyo ningeandika jina langu.

Ukaja mtihani wa Kiingereza, ule wa kufanyia nyumbani mbele ya kamera. Masharti: chumba kitulivu, asisikike mtu mwingine, macho yasibanduke kwenye kioo. Utulivu, Kamenge! Nikawatuma wadogo zangu kituo cha vijana, Centre Jeunes, wakacheze mpira, nikamfungia jogoo jikoni, umeme nikamwachia Mungu. Vyote vikatii. Nikiwa katikati ya kueleza picha ya mvulana na mwavuli, jirani akaja kuazima kinu.

"Hodi!" Nikakaza macho.

"Hodi!" Jasho.

Ya tatu kinywa kikaitikia chenyewe: "Karibu, mama! Kinu kiko uani!"

Mtihani ukabatilishwa. Jioni jirani akatuletea sahani ya sombe, na kwa kweli ilikuwa tamu. Niliurudia usiku wa manane, mtaa mzima umelala.

Maombi ya Princeton yalitakiwa yafike 1 Januari, saa sita kasoro dakika moja usiku. Nikakimbizana na saa ya ukutani, nikatuma zikiwa zimebaki dakika nne, nikalala kama shujaa.   Kulipokucha nikaifungua insha niliyotuma niisome kwa raha. Nilikuwa nimeisifu Yale kwa maneno matamu, nikaipelekea Princeton. Ni kama kwenda kuposa, ukamwita binti kwa jina la dada yake.

Mwishoni mwa Machi majibu yakaja. Vyuo vyote vilikataa kwa upole, isipokuwa chuo kimoja kilichoniweka kwenye orodha ya kusubiri. Hakikusema karibu, hakikusema rudi.

Nikamsomea baba barua. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, baba hupata vijisenti kwa kuwashikia watu nafasi kwenye kituo cha mafuta kwa bidoni, yaani dumu, kwa hiyo foleni anaijua. Akafikiri, akauliza:

"Mbele yako wako wangapi?"

"Hawakusema, baba."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwanangu, ungeacha hata bidoni."