Chui Sufi wa Miasenyi

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Mombasa haji Miasenyi, anaipita. Hata akiiheshimu ile kilomita 80 kwa saa aliyowekewa na sheria, kila sekunde anamaliza mita 22 za barabara, jicho moja kwa mbuzi, jingine kwa basi linalolazimisha kumpita. Wachoraji wa mabango nao wana kanuni yao ya tangu zamani: herufi yenye kimo cha sentimita 20 husomeka vyema kutoka mita 24 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Bwana huyo ana sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo shangazi yangu alitaka ajue kwamba kuna chai, kwamba ni safi, kwamba kuna mahamri, na kwamba kwa mwenye njaa ya kweli kuna kimanga, ule mseto wetu wa Kitaita wa muhogo na maharagwe ambao ukiula asubuhi huulizii chakula tena mpaka Mtito Andei.

Kwa miaka mingi hoteli yake haikuwa na bango. Ilikuwa na moshi, na moshi ulitosha. Kisha jirani wa ng'ambo ya barabara akapakiwa duka lake rangi bure na kampuni ya simu, kuanzia msingi hadi paa, jina la mwenye duka likabanwa kwenye pembe ya ukuta kana kwamba ndiye mpangaji. Shangazi hakulala. Tena ukisimama pale mlangoni kwake huwezi kumwambia kwamba mapambo si kitu, maana stesheni ya SGR ya Miasenyi ilisanifiwa kwa kuigiza milia ya pundamilia. Madaraka Express ilianza safari zake mwaka 2017, na treni ya moja kwa moja hupita hapo bila hata kupiga breki. "Waona?" Shangazi huniambia. "Hata Mchina alijua hapa bila madoido huonekani."

Basi tukaenda Voi, kwenye saiba. Mimi nilichukuliwa kama msomi wa familia, cheo ambacho kazi yake ni kubeba mkoba na kutosikilizwa.

Kijana wa saiba alifungua orodha ya fonti isiyo na mwisho. Nikapendekeza Cooper Black, ambayo Oswald Cooper wa Chicago aliichora mwaka 1922: herufi nene, laini, zisizo na ncha, kama mahamri yaliyoumuka vizuri. Shangazi akaikagua na kutoa hukumu: "Hizi zimenenepa. Watu watadhani natumia mafuta mengi." Kijana akaleta Comic Sans. Hapo nilijikuta nikiitetea, jambo ambalo watu wa usanifu hawalifanyi hadharani. Vincent Connare wa Microsoft aliichora mwaka 1994 baada ya kuona katuni ya mbwa kwenye kompyuta ikizungumza kwa Times New Roman, herufi za magazeti, akaona hapana, mbwa hazungumzi hivyo. Tangu hapo dunia imeicheka fonti hiyo bila huruma, lakini tarehe 4 Julai 2012, maabara ya CERN ilipoutangazia ulimwengu kwamba chembe ya Higgs imeonekana, baadhi ya slaidi zilikuwa za Comic Sans. Kama imeweza kubeba siri za maumbile, nilisema, itabeba mahamri. Shangazi akauliza kama hao watu wa Higgs wanauza chai.

Aliyoipenda ilikuwa chini kabisa ya orodha, fonti ya bure, ya kitoto, yenye nyota badala ya nukta juu ya i na mikia inayojikunja kama ya kinyonga. Kijana akachapa "Supu ya ng'ombe" kuijaribu, na pale kwenye ritifaa kikatokea kisanduku kitupu, kwa kuwa mchoraji wa fonti hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu wenye ng'ombe. Shangazi akaagiza supu iondolewe. Hivyo ndivyo supu ilivyofutwa kwenye biashara ya familia yetu, kwa kukosa ritifaa.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba siku hiyo alikuwa amejitanda leso. Jina la leso huandikwaje? Kwa herufi kubwa, zilizosimama wima, zisizo na mchezo. Mwanzoni mwa karne ya 20 leso za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, zile za "Mali ya Abdulla", zilibeba maneno kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi, na tangu hapo sijaona aliyethubutu kuyakunja. Sababu ni dhahiri. Maneno hayo yameandikiwa mtu fulani, na mtu huyo atayaona wakati mvaaji anampa mgongo na kuondoka. Akisoma vibaya, pesa ya leso imepotea na ugomvi haujafika. Maua yajae, mipaka ivuke, rangi zigombane, lakini fumbo la jirani lisomeke kutoka ng'ambo ya uwanja. Nilijaribu kulieleza hili pale saiba. Shangazi akanijibu kwamba yeye hana ugomvi na madereva.

Bango likachapwa, likafika Miasenyi, likapandishwa juu ya nguzo mbili: "Chai safi, mahamri na kimanga". Ukilisimamia chini lilipendeza kweli. Nyota zilimeta, mikia ilijikunja, watoto wa shule walikuja kulitazama.

Shida ilikuwa kwenye a. Ile a ya vitabuni ina kofia yake juu, hivyo hata kwa mbali huichanganyi na ndugu zake. A ya fonti za mchezo ni duara na kijiti, na mchoraji wa hii yetu, kwa kutaka madaha, alikuwa ameliacha duara wazi juu. Kwa karibu unaona ni a. Ukirudi nyuma kufika barabarani, a zote zinakufa na kufufuka zikiwa u.

Wa kwanza kutuletea habari alikuwa taniboi wa lori lililopunguza mwendo: "Mama, mnauza chui?" Tukadhani amelewa. Kisha dereva mmoja wa Mombasa, mzee wa kofia, akaegesha, akaingia, akatoa salamu kwa adabu na kuuliza huyu chui sufi ni wa tarika gani. Nikatoka nje na kuvuka barabara ili nisome mwenyewe. Lilikuwa limeandikwa, kwa nyota na mikia, "Chui sufi, muhumri nu kimungu".

Tena Tsavo Mashariki iko jirani, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha na anayetangaza chui. Askari wa wanyamapori walikuja siku hiyohiyo. Walikuwa wakicheka, lakini walikuja, na mmoja wao alichungulia nyuma ya jiko kabla ya kuketi. Walikunywa chai. Walilipa, jambo ambalo Shangazi alilitaja kwa majirani mara nyingi kuliko lile la chui.

Lakini neno lililotenda makubwa ni la mwisho. Matatu iliyobeba kwaya kuelekea mkutano wa injili ilipiga breki hadi mawe yakaruka. Pasta akashuka, akauliza kwa sauti ya mimbarini: "Mama, hicho chakula cha kimungu ndicho kipi?" Shangazi, ambaye hajawahi kukataa wateja kwa sababu ya tahajia, akafunua sufuria. Walikula kimanga chote, wakaimba, wakaombea jiko, sufuria na nguzo mbili za bango.

Sasa ikabaki kurekebisha. Bango jipya Shangazi hakutaka kulisikia. Tukamwita mzee mmoja wa Maungu, mchoraji wa brashi aliyeandikia nusu ya vinyozi wa barabara hii, yule ambaye huanza KINYO kwa madoido yote kisha akashtuka ukuta umekwisha na Z na I zikakaa kama watoto waliopakatwa. Mzee alilitazama bango, akasema herufi za kompyuta hazina mifupa, akataka shilingi 100 kwa kila a atakayoifunga juu.

Shangazi akahesabu kwa kidole. Zilikuwa saba. Akalipia ya chai, kwa ajili ya askari. Akalipia mbili za mahamri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuagiza muhumri. Ya safi akaiacha, maana yule mzee wa kofia amekuwa mteja na huja na wenzake. Kimungu akakataa hata isisogelewe na brashi.

"Na hii nu je?" mzee akauliza akiwa juu ya ngazi.

"Hiyo iache, teremka unywe chai," Shangazi akamjibu. "Haijawahi kusomwa na mtu."