Sifa za Taa Nyekundu

Wako wanaosifu mwezi, wako wanaosifu macho ya wapenzi wao. Mimi naisifu taa nyekundu ya ruta, ile iliyo kando ya herufi LOS, iliyonikonyeza siku tatu sebuleni kwangu Tabata kama konda mwenye deni langu.

Kwanza, haisemi uongo. Taa ya umeme inawaka kijani kujisifu tu kwamba imechomekwa. Ya waifai nayo kijani, simu inajaza mistari yote, ukifungua ukurasa ni mweupe kama kanga isiyochapwa. LOS haipambi: mwanga haujafika, basi. Na mwanga wenyewe, ule wa nanomita 1490 unaoshuka na mkongo hadi kwako, jicho la binadamu haliuoni. Bila taa hii tungemlaumu shemeji.

Tena haina umbea. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima, na LOS za majumbani zikabaki zimezimika kimya. Waya wa kuingia ndani ulikuwa mzima. Ya bahari hayakuihusu.

Elimu niliyoipata kwake sijui nitailipaje. 192.168.1.1 naijua kuliko namba ya simu ya mke wangu. Nimeipindua ruta kifudifudi, tochi mdomoni, nisome paswedi kwenye stika: hii ni sufuri au ni O? Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, akavaa miwani akahukumu ni sufuri. Ilikuwa O. Tulipoipata tukapiga makofi, waifai ikashika, na taa ikabaki nyekundu vilevile, maana paswedi haikuwa na kosa lolote. Mhudumu kwenye simu akanishauri, kwa mara ya sita, "Izime kaka, subiri kidogo, iwashe."

Lakini sifa yake kubwa ni usiku wa kwanza. Watoto walitoka vyumbani mmoja mmoja kuuliza kama imekuwa kijani, wakakaa. Tukawa tunaitazama kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Mtu akakumbuka bao lililokuwa uvunguni. Kumbe mama mkwe alifundishwa na marehemu baba yake! Alinila nyumba mara mbili mfululizo, akawageukia wajukuu, hakuna aliyepona. Usiku wa pili jirani alikuja kuomba waifai, akaonyeshwa taa, akaishia kushika kete. Usiku wa tatu alikuja na kahawa, wala hakuuliza.

Siku ya nne fundi akafika. Hakugusa ruta. Alisogeza kochi, akautoa mkongo uliobanwa na mguu wake wa nyuma. "Mzee, huu si kamba ya kuanikia, ndani ni kioo. Ukiukunja hivi mwanga unavujia njiani." LOS ikazimika. Robo saa haikupita, sebule ikabaki na mimi, mama mkwe, na kete zilizolala mashimoni katikati ya mchezo.

Jana usiku, nilipodhani wote wamelala, nikaliegemea lile kochi. Likarudi nyuma kidogo. Nikaegemea tena.

"Sukuma, baba," sauti ya mama mkwe ikatoka gizani. "Bado haijawaka."