Mheshimiwa Mvua ya Mawe

Mji wa Kericho una malalamiko ya kutosha kugawia kaunti jirani na mengine yakabaki. Nauli ya matatu hupanda mvua ikianza na haishuki jua likirudi. Stima hupotea dakika chache kabla ya taarifa ya habari. Vichochoro vya Nyagacho hugeuka tope, mwenye nyumba hakumbuki aliahidi lini kurekebisha choo, na spika za kanisa la jirani hazijui tofauti ya Jumapili na Jumatano. Kila mmoja wa washtakiwa hawa ana mtu wa kumtetea: makanga ana maelezo yake, mwenye nyumba ana yake, na mchungaji ndiye usiseme. Asiye na mtetezi ni mvua ya mawe peke yake. Husemwa vibaya kuanzia Brooke hadi Silibwet, na hakuna aliyewahi kusimama upande wake. Haki inataka naye asikilizwe.

Tuanze na bidii yake. Wakazi wa Cheyenne, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, wanajulikana kwa kuishi katikati ya ukanda wa mvua ya mawe, nao huipata siku tisa au kumi hivi kwa mwaka. Kwa nyanda za chai za Kericho na Nandi, hesabu ambayo imenukuliwa kwa miongo mingi ni siku 132 kwa mwaka. Anayeishuku hesabu hiyo na aikate nusu; akitaka, hiyo nusu aikate tena. Bado Cheyenne itakuwa nyuma sana.

Licha ya cheo hicho, haina majivuno. Tarehe 14 Aprili 1986, huko Gopalganj nchini Bangladesh, yalianguka mawe ya barafu yenye uzito wa kilo moja hivi na kuua watu 92. Mawe ya Kericho kwa kawaida yana ukubwa wa njegere. Huja mengi, hupiga kelele nyingi, kisha huyeyuka na kuingia mtaroni bila kuomba picha yake itoke gazetini.

Na hutunza muda, jambo ambalo fundi wa nguo wala mgeni wa heshima hajawahi kuliweza. Asubuhi jua huwaka, wageni hupiga picha za majani mabichi yanayong'aa, na mtu wa Nairobi husema hajawahi kuona mahali pazuri namna hii. Adhuhuri ikipita, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mlima na kukutana na upepo wa mashariki unaovuka msitu wa Mau. Hewa ikikosa pa kwenda, huelekea juu, na wingu hujengeka ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye baridi ya kugandisha maji. Kwa kuwa Kericho iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, barafu ikianza safari ya kushuka haipati nafasi ya kuyeyuka yote. Saa nane au saa tisa, muuza mitumba wa sokoni huangalia upande wa magharibi na kuanza kufunga mzigo. Hahitaji simu kujua saa.

Sifa yake kubwa zaidi mtaani, hata hivyo, ni kuleta amani. Chukua ploti ya kawaida ya vyumba kumi vilivyopangana chini ya paa moja la mabati. Majirani wawili wanagombania kamba ya nguo, na maneno yamefika kwenye ukoo. Jiwe la kwanza linapiga bati: ko! Wananyamaza na kutazama juu. Linafuata la pili, la tatu, halafu paa lote linaitika kwa pamoja. Wote wawili wanakimbilia kamba ile ile, kila mmoja anaanua chochote anachokifikia, na baada ya dakika mbili mmoja ameshika sare za shule za watoto wa mwenzake kifuani. Itabidi ampelekee. Akimpelekea, itabidi akaribishwe chai.

Wakati huo huo mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba nambari sita kuulizia kodi, anaendelea kufungua na kufunga mdomo. Mpangaji anagusa sikio, anaonyesha paa kwa kidole, anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Spika za kanisa zimezimwa kabisa. Katika shule iliyo karibu mwalimu ameacha kufundisha kwa sauti na sasa anaandika ubaoni, na kwa mara ya kwanza wiki hii darasa zima linaandika pamoja naye. Chini ya paa la kituo cha mafuta, waendesha boda wa steji mbili zisizoelewana wamebanana bega kwa bega na abiria wao.

Tena ni mkaguzi asiyehongeka. Bati jembamba lililopakwa rangi likaitwa zito hujulikana siku ya kwanza. Msumari uliopigiwa pembeni hujitaja wenyewe kwa kudondosha maji juu ya godoro. Mfereji uliozibwa na karatasi za plastiki hujaa barafu, ukafurika, na mtaa mzima ukajua ni nani hutupa taka usiku. Baada ya ukaguzi hufuata ajira: fundi wa mabati huitwa, muuza gambuti hupata wateja, na mama mboga hushusha bei ya sukuma wiki iliyotoboka, jambo ambalo wateja walikuwa wakiliomba tangu mwezi uliopita.

Watoto hawajawahi kuona ubaya wake. Mawe yakikoma hutoka na vikombe na sufuria, wakayazoa, wakayala. Nao si wa kuchekwa, maana Septemba 2008 kijiji cha Busara karibu na Nyahururu kilifunikwa na barafu nyeupe, na watu wazima walioikanyaga walidhani nchi imepata theluji.

Adui wa sifa hizi atauliza: na chai je? Swali ni la haki. Mawe yakipita kwenye mchai, jani hutoboka, chipukizi huvunjika shingo, na kesho yake kingo zake zimekuwa kahawia. Katika kituo cha kununulia majani, karani humwaga gunia mezani, akayachambua kwa vidole na kurudisha nusu yake. Mtetezi atajibu kwamba hapa angalau kuna usawa: mvua ya mawe haiangalii kama shamba ni la kampuni iliyoanza kupanda miaka ya 1920 au ni vishina mia chache vya mkulima wa Mogogosiek anayesubiri bonasi ya KTDA. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo, na kilo zilizolala chini ya mche hazipimwi na mtu. Hapo mtetezi hukohoa kidogo na kupitia ukurasa unaofuata.

Kampuni hazikukubali usawa huo kwa moyo mkunjufu. Katika miaka ya 1960 mawingu ya Kericho yalirushiwa roketi za baruti kutoka mashambani. Baadaye katika muongo huo huo zikaja ndege, chini ya wataalamu kutoka California, zikinyunyizia mawingu iodaidi ya fedha ili barafu isikue na kuwa mawe. Ripoti ziliandikwa, takwimu zikajadiliwa, wataalamu wakarudi makwao. Mshtakiwa amebaki Kericho hadi leo. Ni wachache katika historia ya nchi hii waliopigwa roketi, wakamwagiwa dawa kwa ndege, na bado wakafika kazini saa nane.

Kisha akaja mwanasayansi wa anga, Russ Schnell, na swali ambalo wenye roketi hawakuwa wameliuliza: kwa nini hapa hasa? Maji ya wingu hayagandi ovyo; huhitaji chembe ya kuanzia. Schnell na mwenzake walichunguza takataka za majani makavu yaliyojikusanya chini ya michai, na mwaka 1982 wakachapisha matokeo: takataka hizo zimejaa chembe zinazogandisha maji kwa urahisi. Wachumaji wanapopita kati ya mistari tangu alfajiri, miguu yao hutimua vumbi la majani hayo, na hewa inayopanda mchana hulibeba hadi mawinguni. Kwa maelezo hayo, mche wa chai huchangia mawe yanayouponda, na huyatuma angani kwa miguu ya mtu yule yule atakayekatwa kilo jioni.

Ugunduzi huo unafaa kuletwa kwenye mjadala unaowaka sasa. Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho na watu waliokasirishwa na kupotea kwa kazi, na chama cha wafanyakazi, KPAWU, kimezipinga mashine hizo kwa miaka mingi. Wakili wa kampuni angeweza kusimama na kudai kwamba mashine moja hupunguza miguu mingi, miguu hupunguza vumbi, na vumbi hupunguza mawe. Wakili wa wachumaji naye angejibu kwamba, kwa ushahidi huo huo, mteja wake amekuwa akitengeneza mvua kwa karibu miaka 100 bila mkataba, na anadai malipo yake yote ya nyuma, kwa kilo, kama ilivyo desturi ya shamba.