Heshima ya Kikorea

Mfalme Sejong wa Korea alipotangaza herufi zake 28 mwaka 1446, msomi wake Jeong In-ji aliandika kwamba mwerevu atazijua kabla ya asubuhi kwisha, na mjinga kwa siku kumi. Hakumtaja kijana wa kwetu Lubarika anayejifunza Kikorea kwa simu na kungoja zamu ya kuichaji. Siku hizi zimebaki herufi 24, na mwanetu amezimeza zote. Sasa yuko kwenye somo la heshima: Kikorea humtaka abadili mwisho wa kitenzi kila anapomsemesha mkubwa. Anakariri mchana kutwa, kainamia simu, wazee wakipita bila kuamkiwa. Tumvumilie, huenda wakubwa wasiokaa Seoul wamewekwa sura ya mwisho.