Punda wa Bukoto

Kabla sijaanza kulalamika, niseme wazi kwamba ni watu wema. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Jirani mbaya unamfungia mlango, yakaisha. Jirani mwema anagonga saa kumi na mbili unusu asubuhi ya Jumamosi, kofia kichwani, chupa ya maji kiunoni, anauliza kama uko tayari.

Ni mke na mume kutoka Marekani, wote wamevuka miaka 70, wamepanga juu yangu hapa Bukoto. Kanisa lao, la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hutuma wastaafu wawili wawili kwenye umisionari, tena kwa gharama zao wenyewe. Utakuwa umewaona vijana wao wa shati jeupe na tai, wa miaka 18 au 19, kila mmoja na kibandiko kifuani chenye cheo ambacho kwa Kiswahili ni Mzee. Mzee Fulani, na ndevu hana. Huyu wangu ni mzee kwa cheo na kwa umri, lakini ngazi anazipanda mbili mbili.

Zamani mambo ya wamisionari yalieleweka. Daktari Albert Cook alifika 1897, hajatimiza miaka 30, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Akafungua hospitali Mengo, akamwoa muuguzi Katharine Timpson aliyekuja naye msafara mmoja, wakazeekea hapa hapa Kampala. Yaani walikuja vijana wakaupata uzee. Hawa wangu wamekuja wazee wanaupata ujana, na nina shaka wanauchota kwangu.

Siku ya kwanza niliwapokea kama nilivyolelewa Tanga: chai ya maziwa, iliki, tangawizi. Kumbe chai hawanywi. Kahawa? Nayo hawanywi. Nikabaki nimeshika birika kama kondakta aliyeachwa na basi lake. Ili nivunje kimya, nikauliza kama wanapenda kutembea.

Kwao Juni mpaka Agosti ni majira ya joto. Mtu aliyezoea kwa miaka 70 kwamba Julai ni mwezi wa matembezi, utamwambia nini? Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Julai alfajiri mimi huvaa sweta mbili. Yeye huyo, kaptura.

Tukaanza na Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road. Miaka 9 nimeyapita kwa taksi nikidhani ni ofisi ya wizara. Kumbe yalianzishwa 1908, na jengo lenyewe ni la 1954, limechorwa na Mjerumani Ernst May. Haya niliambiwa na Bibi, mke wa Mzee, aliyekuwa na miezi mitatu nchini. Tulipofika kwenye ala za muziki akatoa daftari, akaniuliza zile ngoma kubwa tunaziitaje kwa lugha yetu. Nikasema, “Ngoma.” Akaandika.

Wiki iliyofuata, Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, kilomita sabini na ushee kwa barabara ya Masaka. Unajua mchezo wa pale: kijana ana mabeseni matatu, upande wa kaskazini maji yanazunguka hivi, kusini yanazunguka vile, katikati yanashuka wima. Mimi nilishaamini na nilishalipa. Lakini Mzee alikuwa fundi bomba miaka 40. Alipiga magoti, akachungulia tundu la beseni, akamuuliza kijana kwa upole, “Mwanangu, ulipoyamimina maji, mkono wako ulipita upande gani?” Akatueleza kwamba hatua chache kila upande wa mstari haziwezi kuyageuza maji ya beseni, yanafuata yalivyomwagwa. Kijana wala hakumtazama. Alinitazama mimi, msaliti niliyemletea fundi bomba kazini.

Kituo cha ngoma cha Ndere, kule upande wa Kisaasi, sitaki hata kupazungumzia. Wasichana wanacheza na vyungu vimepangwa kichwani kimoja juu ya kingine, halafu watazamaji wanaitwa uwanjani. Bibi alicheza mpaka mwisho. Mimi nilibanwa na msuli wa paja kwenye wimbo wa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni Kiswahili. Mzee akisema “habari za asubuhi” pale steji ya taksi, watu wanapiga makofi. Mimi nikisema maneno hayo hayo wananyamaza, wanatafuta sare, maana Kampala kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mama wa ndizi naona hajapata waraka. Na shikamoo nimemfundisha mimi mwenyewe; sasa anaitoa kwa kila mtu, mpaka kwa mbwa wa askari wa getini.

Mapumziko yangu ni Jumapili tu, kwa kuwa siku hiyo hawaendi popote ila kanisani. Ndiyo siku niliyotumia kujificha Bibi alipotangaza maonyesho ya wapangaji wote. Mchezo: Msamaria Mwema. Nilipojitokeza Jumatatu nafasi zilikuwa zimeisha. Mzee ndiye Msamaria, watoto wa ghorofa ya chini ndio wanyang’anyi, askari ndiye mwenye nyumba ya wageni. Nikabakiziwa mnyama. Nilimkumbusha Bibi kwamba mimi ni Mwislamu. Akasema, “Punda si lazima abatizwe, ndugu.”

Majeruhi alikuwa landilodi wetu. Kilo mia na kitu. Mimi nadaiwa miezi miwili.

Jumamosi jioni uani pakajaa. Wanyang’anyi walimpiga landilodi kwa bidii ambayo sidhani ilikuwa kwenye mazoezi. Kisha Msamaria akampakia mgongoni kwangu, nikaanza kutambaa kuelekea kibanda cha getini, magoti juu ya kokoto. Katikati ya safari nikasikia pumzi ya moto sikioni. “Ssebo, ile ya mwezi wa sita iko wapi?”

Punda hasemi. Nikatambaa.

Tulipofika, Mzee akatoa noti mbili za elfu ishirini, noti za kweli kabisa, akampa mwenye nyumba ya wageni amtunze mgonjwa, na akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Hapo maiti wetu akafumbua jicho moja, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza chapati ng’ambo ya barabara:

“Na ya punda je?”

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Askari alipiga saluti, akazikunja zile noti, akaziweka mfuko wa shati. Mpaka leo hajazirudisha.