Namna ya Kutabiri Ajira za Mwakani Bila Kuumbuka

Desemba imefika, umealikwa kutoa mada juu ya soko la ajira. Usihangaike. Fungua mada ya mwaka jana, badili mwaka. “Fursa” na “ushindani” viache vilivyo. Ongeza akili mnemba mara sita, ya kwanza kabla watu hawajatoa simu. Kagua mwaka na kwenye jalada. Mwenzako alisahau, akaumbuliwa na mpiga picha.

Kisha waambie vijana wajiajiri. Hili hunoga likitoka kwa mwenye mshahara, gari la ofisi na posho ya kikao. Muuza chipsi asialikwe: jioni ndiyo mauzo yake, halafu anaweza kuuliza habari za mtaji.

Kwenye asilimia, tulia. Mei 2022 watumishi wa umma walisikia nyongeza ya asilimia 23.3. Watu wakapiga hesabu, wengine wakaweka oda ya mabati. Julai ikafika na mshahara wake: 23.3 ilikuwa ya kima cha chini, waliokizidi wakaambulia kiduchu. Mei Mosi 2025, Singida, ikatangazwa 35.1, kima cha chini serikalini kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Basi kanuni ni hii: asilimia itamke kwa sauti, “kima cha chini” kipitishe kwenye kikohozi. Ila jihadhari na mwenye nyumba wako. Naye ana redio, na alichosikia ni asilimia tu.

Idadi ya waombaji usiiguse. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 waombaji zaidi ya 135,000 waligombea nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Wewe sema “mwamko wa vijana ni mkubwa,” unywe maji. Ukitaja namba, ukumbi utanyamaza, na chai bado haijaiva.

Swali la mwisho litatoka viti vya nyuma, kwa kijana mwenye bahasha ya kaki na viatu vilivyong'arishwa hadi kwenye kiraka. Hataulizia mwelekeo. Atauliza kama ofisini kwenu kuna nafasi. Mwambie aache vyeti mapokezi. Usimsindikize: bahasha za mwaka jana bado zipo pale, zimezuia mlango usijifunge.