Yah: Wadau Wasioalikwa Kwenye Semina

Kwa Wakubwa wa Uchumi wa Buluu,

Waheshimiwa, pongezi kwa kitabu chenu cha mikakati. Karatasi nzito, inang'aa, na jaladani yumo papa potwe wa Mafia, kinywa wazi. Kasoro ni ndogo tu: kurasa zote hizo, hakuna palipotajwa anachokula. Potwe hafuati mandhari Kilindoni. Msimu wa kaskazi hufuata zuplanktoni, vijidudu wa baharini ambao wengi wao hawafikii hata punje ya mchele.

Tunaelewa. Mdau asiyeweza kupiga picha na mgeni rasmi hatengewi fungu.

Lakini hawa ni wachapakazi, tena wa zamu ya usiku. Mchana hushuka kilindini kujificha. Jua likizama hupanda kula vimea vinavyoelea juu. Dagaa nao huwala wao. Ndiyo maana siku za giza mvuvi huwasha taa: mwanga huvuta vijidudu, huvuta na dagaa, kisha wavu unafanya kazi yake. Mbalamwezi ikikomaa, vyombo vinapumzika. Akina mama wa Unguja huchemsha dagaa kwa maji ya chumvi, wakawaanika, magunia yakasafiri hadi Kongo. Hapo ndipo ofisi huamka, na kitabu cha risiti mkononi.

Mkipata nafasi, kagueni na vyeti vya kuzaliwa. Pweza wa nazi mnayemwagiza baada ya kikao, kamba wa Rufiji, kaa wa mikokoni, wote utotoni walikuwa zuplanktoni. Mtoto wa kaa ukimtazama kwa hadubini hutamjua: mwiba mrefu kichwani, macho makubwa kupita umri wake, anaelea tu maji yanakompeleka. Akikua kidogo hurudi kutafuta mikoko. Nanyi mmeshasaini kibali ikatwe, pajengwe hoteli, maji taka yaelekezwe huko huko. Mnafunga chekechea, halafu mnaunda tume ya kuchunguza kwa nini darasa la saba halina wanafunzi. Tume hiyo, bila shaka, italala hotelini hapo.

Ombi letu ni moja: semina ijayo zuplanktoni nao waalikwe. Chakula hawatadai, wao ndio chakula. Nauli pia isiwasumbue, ili mradi kikao kianze magharibi na kiishe kabla ya alfajiri. Tatizo litakuwa posho, maana hawajui kutia sahihi. Ila kwa hilo tunaamini wahasibu wenu wana uzoefu.

Wenu mtiifu,
Mla Dagaa